Safari Rally ao rali ya Zambia?

Bandugu, kila mwaka ni wimbo moja: twende Kenya, Safari Rally! Jina kubwa, sikatai. Ilianza 1953, na tangu 2021 iko tena mu ubingwa wa dunia. Lakini ku rali gari inapita mbele yako sekunde chache, kisha vumbi. Kule Naivasha, bila gari ya kukodi, unabaki fasi moja mpaka jioni. Na tiketi ya ndege, mwenye diploma bila kazi atalipa na nini?

Rali ya Zambia ikiwa Copperbelt, munavuka Kasumbalesa (foleni ya malori munaijua), watano mu gari ya rafiki, munafuata mashindano fasi kwa fasi. Satwant Singh, bingwa wa Afrika mara 8, ni Mzambia. Ogier hamutamuona, kweli. Magari mutayaona mara tatu, ine.