Litungu na Kwaya katika Ukumbi Mmoja

Bwana Mhariri, nalihudhuria mjini Tarime tamasha la kwaya ambayo siitaji jina, kwa kuwa sifa na lawama nitakazoandika zaweza kuwahusu waimbaji wengi wa upande huu wetu wa Mara. Utaratibu wa jioni ile uligawanywa mafungu mawili: kwanza nyimbo takatifu, kisha, baada ya mapumziko, nyimbo za burudani. Mzee mmoja Mkuria, mpiga litungu, aliwekwa katika fungu la pili, akangoja barazani muda wa saa nzima na ala yake magotini.

Nianze kwa kusifu. "Haleluya Kuu" ya Handel, iliyosikiwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, si wimbo wa kuchezewa, nao waliuingia bila hofu. Sauti ya tatu ilishika vema. Sauti ya nne ilinguruma kupita kiasi. Mwalimu wao amewafundisha kusikilizana, jambo ambalo kwaya zenye vipaza sauti vikubwa zimelisahau.

Walakini tenzi zilizofuata zilinisikitisha, wala kosa si la waimbaji. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, bali mahadhi mengi ya Wazungu hukomea kwa mkazo katika silabi ya mwisho kabisa. Basi Bwana akaitwa "bwaNA", na Mungu "muNGU", nasi tumezoea hata masikio hayashtuki tena. Kwa Kikuria taabu huzidi, maana katika lugha ile kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliniuliza polepole, "Mwalimu, wanasema nini?" Nao walikuwa wakiimba kwa lugha aliyonyonya.

Hata fungu la pili likafika, mzee akaingia. Litungu la Wakuria ni ala kubwa ya nyuzi nane, na mvumo wake mzito husikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Aliimba sifa za ng'ombe na za watu waliokwisha kufa, na kila neno lilifika mlangoni. Kwaya ikajaribu kumwitikia kwa sauti zote nne, ikamfunika kabisa. Hapo mwalimu akafanya jambo la busara: aliwaashiria waache sauti nne, waitikie kwa moja tu. Usiku ule sikusikia kitu kizuri kuliko hicho.

Kwa nini basi mzee yule angojeshwe nje mpaka Mungu amalize kuimbiwa? Watu wengine walikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1958 Missa Luba ya Padre Guido Haazen iliimbwa kwa mahadhi ya Kongo. Mwaka 1959 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa Misa Baba Yetu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ukataka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka 1964 kazi ya Joseph Kyagambiddwa juu ya Mashahidi wa Uganda ilisikiwa Roma kwenyewe. Najua wako watakaosema kwamba litungu ni ala ya pombe na majigambo. Ni kweli, hupigwa penye pombe. Kinanda nacho hupigwa katika mabaa ya Musoma kila Jumamosi, na kesho yake hatukitoi kanisani.

Mzee alipokwisha, vijana wawili wa sauti ya tatu walimfuata barazani, wakamwuliza jinsi anavyokaza nyuzi. Akawaonyesha, akawakaripia kidogo, akawaonyesha tena. Mwalimu wao angefanya vema kumwalika mazoezini kabla ya Pasaka, ampe kiti cha mbele, na maneno ya Kikuria yatangulie kusemwa, ndipo mahadhi yake yatafutwe.