Kelele za Prosesa ya Zamani: Namna ya Kuchagua Kipozaji cha Soketi ya LGA 775

Kompyuta za mezani zilizojengwa juu ya soketi ya LGA 775, yaani kitako chenye ncha 775 za kugusana na prosesa ambacho Intel ilikileta sokoni mwaka 2004, zimeishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na hadi leo zinakutwa katika ofisi, shule na maduka ya mitumba zikiandika barua na kutunza hesabu bila tatizo kubwa. Kinachowachosha watumiaji wake ni mvumo. Mmiliki aliyekerwa kwa kawaida hukimbilia kununua feni inayosifiwa kwa utulivu, akaifunga juu ya kipozaji kilekile cha zamani, kisha akashangaa kuona feni mpya nayo inakwenda mbio vilevile, kwa sababu ubao mama unaoisimamia haujali jina la feni: husoma joto la prosesa na kuongeza kasi mpaka joto lishuke. Kwa hiyo uchaguzi wa kipozaji kitulivu huanza kwenye joto lenyewe, na feni huja mwishoni.

Kipimo cha kuanzia ni ukinzani wa joto, ambao ni idadi ya nyuzi za Selsiasi ambazo prosesa hupanda juu ya hewa inayoizunguka kwa kila wati ya joto inayoitoa. Kipozaji chenye ukinzani wa 0.3 kikibebeshwa wati 100 kitaiacha prosesa ikiwa na nyuzi 30 zaidi ya hewa iliyomo ndani ya kasha. Mfano ulio bora wa kupima hoja hii ni Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007, prosesa ya viini vinne inayopendwa na mafundi wanaotaka kuipa uhai mpya mashine ya zamani. Ilitolewa kwa matoleo mawili yenye jina moja na kasi moja ya gigahezi 2.4, lakini toleo la kwanza, B3, lilikadiriwa kutoa wati 105 na kuruhusiwa kufika nyuzi 62.2 juu ya kifuniko chake cha chuma, ilhali toleo la pili, G0, lilishushwa hadi wati 95 na kuruhusiwa kufika nyuzi 71. Kifuniko chenyewe ndicho kinachotoa siri hiyo, maana krimu ya zamani ya kupitishia joto ikifutwa, msimbo SL9UM huonekana kwenye B3 na SLACR kwenye G0. Asiyetaka kufungua kasha anaweza kulisoma toleo hilo kwa programu ya CPU-Z.

Tofauti hiyo, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, hugeuka kuwa kubwa katika chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi. Chumba kikiwa na nyuzi 32 na hewa ya ndani ya kasha ikapanda hadi 40, B3 inabakiwa na nafasi ya nyuzi 22.2 tu, hivyo inahitaji kipozaji chenye ukinzani usiozidi 0.21, kiwango ambacho vipozaji vikubwa hukifikia kwa shida feni zao zikiwa zinakwenda polepole. G0 inabakiwa na nyuzi 31, na ukinzani wa takriban 0.33 unaitosha. Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008, yenye viini viwili, wati 65 na ruhusa ya nyuzi 72.4, huridhika hata na ukinzani wa karibu 0.5. Mwenye B3 katika mazingira hayo angefanya vizuri zaidi kutafuta G0 ya mtumba kuliko kutafuta kipozaji cha ajabu. Aidha, vipimo vinavyochapishwa Ulaya, vinavyofanyika katika vyumba vya nyuzi 20 na ushei, havifai kuhamishiwa pwani bila kufanya hesabu upya: katika chumba cha nyuzi 22, B3 hiyohiyo ingetosheka na ukinzani wa 0.31.

Baada ya hitaji la joto kujulikana, ndipo linapokuja suala la namna ya kulitimiza bila kelele, na hapa kanuni za feni zinasema mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwa feni zenye umbo linalofanana, kiasi cha hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kiasi kwamba feni ya milimita 120 inayozunguka mara 800 kwa dakika husukuma hewa sawa na ya milimita 80 inayozunguka mara 2,700. Na kwa kiasi kilekile cha hewa, kelele inayopungua kwa kushuka kwa kasi ya mzunguko ni kubwa kuliko inayoongezeka kwa kukua kwa kipenyo, hivyo katika mfano huohuo feni kubwa hupungukiwa na desibeli zipatazo 14, wakati upungufu wa desibeli 10 husikika masikioni kama kelele iliyopungua kwa nusu. Hata hivyo, feni inayokwenda polepole husukuma kwa nguvu kidogo sana, kwa kuwa shinikizo lake hushuka kwa kipeo cha pili cha kasi, na mapezi ya kipozaji, yaani mabati membamba yanayotoa joto, yakibanana mno hewa hiyo dhaifu hushindwa kupenya. Kipozaji cha Ninja cha kampuni ya Kijapani ya Scythe kilijengwa juu ya hoja hii: mapezi yake yaliachana, na joto lilipandishwa kwa mabomba sita ya shaba yaliyofungwa pande zote, ambamo majimaji kidogo huchemka chini karibu na prosesa, mvuke ukapanda, ukapoa kwenye mapezi, kisha maji yakarudi chini kupitia utambi wa ndani ya bomba. Kwa prosesa isiyo na joto kubwa kilifanya kazi hata bila feni yake. Mapezi yaliyoachana yana faida nyingine ambayo wasanifu huenda hawakuikusudia, nayo ni kwamba hayazibwi haraka na vumbi, jambo la maana katika miji ambayo madirisha hubaki wazi mchana kutwa.

Kufikia hapo ingeonekana kwamba kazi imekwisha, lakini kwa mashine ya zamani kikwazo kigumu zaidi ni matundu. Matundu manne ya kufungia kipozaji kwenye ubao mama wa LGA 775 yameachana kwa milimita 72, ilhali soketi zilizofuata za LGA 1156, 1155, 1150 na 1151 zina milimita 75, na milimita hizo tatu zinatosha kukikataa kipozaji kizuri kilichonunuliwa bila kuulizwa. Orodha ya soketi kwenye boksi ndiyo isomwe kwanza: Hyper 212 EVO ya Cooler Master, yenye feni ya milimita 120 inayoweza kushuka hadi mizunguko 600 kwa dakika, hukubali LGA 775, na Noctua ya Austria imewahi kuuza vifungio vya kuvikalisha baadhi ya vipozaji vyake vya baadaye kwenye soketi hiyo. Kimo nacho hakina huruma, kwani Hyper 212 EVO ina milimita 159 na kasha jembamba la ofisini haliwezi kuimeza. Katika kasha la namna hiyo hubaki vipozaji vifupi vinavyopuliza hewa kuelekea chini. Kompyuta za kampuni kubwa zilizofuata mpangilio wa BTX, ambao Intel yenyewe iliuacha mwaka 2006, zina kipozaji chenye mfereji wa plastiki unaovuta hewa kutoka mbele ya kasha, na kwa hizo ushauri wa busara ni kusafisha na kubadilisha feni peke yake.

Vifungio asilia vya soketi hii ni vipini vinne vya plastiki vinavyosukumwa ndani ya ubao hadi vilie, na vinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndivyo vinavyoharibu kazi iliyopangwa vizuri. Mshale uliochorwa juu ya kila kipini huonyesha upande wa kukifungulia, si wa kukifungia. Vipini husukumwa kwa kukingamana, cha kushoto juu na cha kulia chini kwanza, kisha ubao hugeuzwa ili kuhakikisha kwamba ncha zote nne zimetokeza na kutanuka upande wa nyuma. Kimoja kikilegea, kipozaji huinuka kidogo upande mmoja, prosesa hupanda joto na feni hupiga kelele hata kama kila kitu ni kipya. Intel ilikadiria uzito wa gramu 450 kuwa kikomo cha vipozaji vya soketi hii, hivyo kipozaji kizito zaidi kinapaswa kufungwa kwa skrubu na bamba la chuma nyuma ya ubao, ingawa kazi hiyo humlazimisha fundi kuutoa ubao wote nje ya kasha.

Hata kikifungwa vizuri, kipozaji cha mnara, chenye feni inayopuliza kwa mlalo, hunyima upepo visaidizi vya umeme vilivyoizunguka soketi, vile vinavyoshusha volti 12 hadi takriban volti moja inayotumiwa na prosesa. Kipozaji cha asili, kwa kelele zake zote, huvipepea. Katika ubao wa bei nafuu usio na mapezi juu ya visaidizi hivyo, na wenye prosesa ya wati 105, feni ya nyuma ya kasha isizimwe kamwe kwa ajili ya kutafuta utulivu.

Ubao wenyewe lazima pia uweze kuamuru feni ipunguze mwendo. LGA 775 ndiyo iliyoeneza feni za nyaya nne, ambazo waya wake wa nne hupokea amri ya mapigo ya kilohezi 25 huku volti 12 zikibaki palepale. Feni ya nyaya tatu hupunguzwa kwa kushusha volti, na mbao mama nyingi za wakati huo hazijui kufanya hivyo mahali pa prosesa, kwa hiyo feni ya nyaya tatu iliyochomekwa hapo hukimbia mwisho wa uwezo wake. Kununua yenye nyaya nne huepusha usumbufu huo, mradi udhibiti wa feni uwashwe kwenye BIOS.

Njia ya mwisho haigharimu chochote, na inashangaza kwamba hutajwa mara chache. Nguvu inayotumiwa na prosesa hufuata kipeo cha pili cha volti, hivyo Q6600 inayoshushwa kutoka volti 1.30 hadi 1.15 kwa kasi ileile hupunguza joto la kazi kwa zaidi ya asilimia 20, ikiwa ubao unaruhusu na mashine ikabaki thabiti baada ya kujaribiwa kwa kazi nzito kwa saa kadhaa; kwa B3 ya wati 105 upungufu huo unailetea takriban wati 82, na ukinzani unaohitajika katika chumba kile cha nyuzi 32 unalegea kutoka 0.21 hadi 0.27, kiwango ambacho mnara wa kawaida wa milimita 120 unaweza kukifikia bila feni yake kukimbizwa.