Kufanana kwa Majina ya Sabuni na Dawa za Usafi Kikagate: Uhakiki wa Kigezo cha Matamshi katika Sheria ya Alama za Biashara

Katika maduka ya rejareja kando ya barabara itokayo Mbarara kupitia Isingiro hadi Kikagate, mteja anayetaka sabuni ya unga huomba omo, hata kama pakiti ina jina jingine kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa jiki, ambayo kwa wengi ni dawa yoyote ya kung'arishia nguo nyeupe. Omo na Jik ni alama zilizosajiliwa, lakini mdomoni mwa watu zimekuwa nomino za kawaida. Wanaisimu wanalijua jambo hilo, na wanasheria pia. Lisilojadiliwa vya kutosha ni hili: jina jipya linapoingia sokoni likifanana na la zamani, ni sikio la nani linalopaswa kupima ufanano huo?

Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010 inazuia kusajiliwa kwa alama inayokaribiana na iliyotangulia kiasi cha kuwachanganya wanunuzi. Katika kupima, mahakama za Afrika Mashariki hurejelea shauri la Pianotist la mwaka 1906, ambamo Jaji Parker wa Uingereza alielekeza kwamba yatazamwe maandishi na sauti ya majina, aina ya bidhaa na aina ya mteja. Kigezo chenyewe ni kizuri. Udhaifu umo katika kukitumia kana kwamba mteja huyo ni msomaji wa Kiingereza.

Ichukuliwe mifano ya kubuni. Klin, Kleen na Clean ni tahajia tatu, lakini katika mazungumzo ya Kiswahili zote huelekea kuwa kilini, kwa kuwa konsonanti zinazofuatana hutenganishwa kwa irabu na neno hufungwa kwa irabu. Runyankore na Kinyarwanda hazitofautishi l na r kwa namna ya Kiswahili sanifu; kwa hiyo Brite na Blite ni jina moja. Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958, inakaliwa na watu waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia. Mkongomani aliyesomeshwa kwa Kifaransa ataisoma Clean kwa sauti ambayo mwenye duka hakuitarajia. Tahajia nyingi huzaa tamko moja, na tahajia moja matamko mengi. Mizani inayotegemea maandishi haiwezi kuona lolote kati ya hayo mawili.

Majina ya biskuti yakichanganywa, hasara ni ya ladha na fedha. Kwa dawa za usafi hali ni nyingine. Dawa ya kung'arishia nguo yenye haipokloraiti ya sodiamu ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali, hutoa gesi ya klorini. Aidha, wakati wa Ebola nchini Uganda, kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, suala la vipimo lilikuwa la uhai: klorini ya asilimia 0.05 ni ya mikono, ya asilimia 0.5 ni ya sakafu na vyombo. Tofauti ni mara kumi. Sabuni ya maji ya vikundi vidogo, nayo, mara nyingi huuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika. Hapo jina analolitamka muuzaji ndilo lebo pekee.

Hoja kwamba mteja angesoma kwa makini asingekosea haina nguvu kisheria. Katika shauri la Reckitt na Borden la mwaka 1990, lililohusu chupa ya maji ya limau, Lord Oliver alikataa utetezi huo: wateja huchukuliwa walivyo, si kama wangekuwa wasomi zaidi. Msajili wa Kampala anaweza basi kuyasikiliza majina yanayoombwa yakitamkwa kwa Kiswahili na Runyankore kabla ya kuyakubali. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ingawa Katiba iliachia Bunge kuamua kitumike wapi.

Unabaki Mto Kagera. Usajili wa Uganda pekee unakoma mtoni. Murongo, ng'ambo, ni Tanzania. Uganda na Tanzania zote zimo katika Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, hivyo kikundi cha Nakivale kinaweza kuomba kinga ya pande zote mbili kwa ombi moja. Kenya na Kongo hazimo, na sabuni hiyohiyo ikifika Goma au Kisumu, ombi hilo halilindi jina lake.