Mateka, Mtoro, Mkimbizi: Lugha ya Masimulizi ya Watoto Waliotekwa

1.0 Utangulizi
Makala haya yanahakiki namna wasimulizi wanavyoeleza habari za mtoto aliyetekwa, akakaa miaka mingi mikononi mwa watekaji, kisha akatoka. Swali letu ni moja: katika sentensi inayotaja uhuru, mtenda ni nani? Tutaonyesha kwamba jibu la swali hili ndilo linaloamua jinsi jamii inavyompokea anayerudi.

2.0 Sarufi ya Ripoti
Kamango, makao makuu ya utawala wa Watalinga katika Kivu ya Kaskazini, iko ng'ambo ya mto Semuliki, karibu na mpaka wa Uganda. Tarehe 11 Julai 2013 mji huo mdogo ulishambuliwa na waasi wa ADF, kundi lililozaliwa Uganda na kujichimbia katika eneo la Beni tangu miaka ya 1990. Watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka wakaingia Bundibugyo. Desemba ya mwaka huohuo mji ukashambuliwa tena. Ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu kundi hilo zinaeleza hali ya watoto waliochukuliwa katika eneo la Beni: walisilimishwa kwa nguvu, walipewa majina mapya, wasichana waliozwa, wavulana walitumiwa vitani.

Msomaji aangalie vitenzi hivyo. Vyote viko katika kauli ya kutendwa, na ni sawa kwamba viwe hivyo, kwa kuwa mtoto hakuchagua. Lakini ripoti ikifika mwisho, kitenzi hugeuka ghafla: "alitoroka". Miaka yote ya kujifunza njia za msitu, ya kunyamaza, ya kungoja usiku ufaao, imefungwa katika neno moja. Kisha masimulizi hukoma, kana kwamba aliyetoka msituni hakuwa na pa kwenda.

3.0 Uhuru wa Kupewa
Kasoro hii si ngeni katika fasihi yetu. Katika Uhuru wa Watumwa (1934), James Mbotela, mwana wa aliyekuwa mtumwa, anaeleza jinsi watu wa Ziwa Nyasa walivyotekwa, wakafikishwa pwani, wakakombolewa na manowari ya Waingereza na kupewa makazi Frere Town. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwatukuza Waingereza. Sisi tunaongeza kwamba lawama hiyo ina msingi katika sarufi yenyewe: watumwa hutekwa na Waarabu, kisha huokolewa na Waingereza. Bwana amebadilika, kauli ya kitenzi haikubadilika.

Hata hivyo, historia ya pwani hiyohiyo ina watu waliojitoa wenyewe. Katika karne ya 19 waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa waliunda makazi yao huko Fuladoyo. Lugha iliwaitaje? Iliwaita watoro. Neno hilo limetazama jambo kutoka barazani kwa bwana: mtoro ni mali iliyopotea, kama leo ni mwanafunzi aliyekwepa darasa. Kwa hiyo tunapoandika kwamba mtoto wa Kamango "alitoroka", bila kukusudia tunampa mtekaji haki ya kumdai.

4.0 Mtenda Aliyetendwa
Kitabu kinachovunja mpango huo ni cha Evelyn Amony wa Uganda, I Am Evelyn Amony (2015), kilichohaririwa na Erin Baines. Amony alitekwa na kundi la LRA akiwa na umri wa miaka 11, akakaa humo karibu miaka 11, akilazimishwa kuwa mke wa Joseph Kony na kumzalia watoto. Alitoka baada ya kukamatwa na jeshi la Uganda. Ubora wa kitabu ni kwamba hakiishii hapo. Kinaendelea hadi nyumbani, ambako yeye na watoto wake walinyanyapaliwa, na hadi katika ujumbe wa amani uliorudi kuzungumza na Kony. Msimulizi ametendwa, na bado anatenda.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika kesi ya Dominic Ongwen. Alitekwa na LRA akiwa mtoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani mwaka 2021 kwa makosa aliyoyatenda akiwa kamanda mtu mzima. Majaji hawakukubali kwamba kutekwa kwake kulimwondolea hatia, ila walikuzingatia walipompa kifungo cha miaka 25. Mtekwa na mtenda walikuwa mtu mmoja, na kila upande ulidai kusimuliwa.

5.0 Hitimisho
Kiswahili cha Kivu kina neno lililo karibu zaidi na ukweli: "alikimbia". Halina bwana ndani yake. Tena ni neno lilelile tunalolitumia kwa wale 60,000 waliovuka kwenda Bundibugyo. Mtoto aliyekimbia kambi na mama aliyekimbia mji wamekimbia watu walewale; wote ni wakimbizi wa vita moja. Jamii inayomwita anayerudi "mtoro wa waasi" humtazama kwa hofu, na inayomwita mkimbizi inajua namna ya kumkaribisha, kwa kuwa nayo ilikaribishwa.

Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa Butembo na Beni watakaokusanya masimulizi haya wamwache msimulizi achague kitenzi chake, na wasizime kinasa sauti anapofika ukingo wa msitu.