Kijiti cha Musa na moto wa mwito

NENO ‘moto’ limechakaa midomoni mwa wahubiri wetu. Ibada tulivu huambiwa haina moto. Anayepaza sauti hadi ikakauka ndiye eti ‘ana moto’. Sina ugomvi na sauti kubwa. Ugomvi wangu ni na usomaji unaochukulia kwamba moto wa Biblia ni mmoja popote unapotajwa. Moto wa Sodoma uliangamiza, wa Karmeli ulithibitisha, kaa la Isaya mlango wa 6 lilitakasa midomo. Mhakiki akikumbana na ishara hana budi kuuliza kwanza: hapa inafanya kazi gani?

Hebu tutazame Kutoka mlango wa 3. Musa yuko Horebu akichunga mifugo ya mkwewe Yethro. Anauona mmea unaowaka bila kuteketea. Tafsiri ya Union Version ya 1952 inauita ‘kijiti’. Habari Njema inauita ‘kichaka’. Msomaji wa leo akisikia kijiti huwaza kipande cha ukuni, au kile wanachopokezana wanariadha (na wanasiasa wetu, wakikubali kukiachilia). Mbona basi watafsiri wale wakakiteua? Jibu limo katika sarufi. Shina -ti, kwa kuwa ni la silabi moja, huchukua -ji- katika udogo: mti, kijiti, mto, kijito, mtu, kijitu. Kijiti chao ni mti mdogo, na kwa Kiebrania ni seneh, mmea wa miiba wa nyikani.

Kichaka kinaeleweka upesi, lakini mimi nakipendelea kijiti. Kichaka ni mimea mingi iliyosongamana, na kichaka kikiwaka moto wakati wa kiangazi nani atashangaa? Kijiti ni kimoja, tena hafifu. Kingepaswa kuwa jivu kabla mchungaji hajakifikia. Udogo huo ndio unaobeba fumbo zima. (Wanafunzi wangu hupenda kuhusisha ‘mwali’ wa moto na ‘mwali’ wa unyago, ati Musa naye anapashwa tohara ya utume. Utamu upo, ila hizo ni homonimu tu: wingi wa mmoja ni miali, wa mwingine ni wali.)

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulipita mbio. Mungu hamwiti Musa mara tu moto unapoonekana. Anamwita baada ya kuona kwamba amegeuka kutazama. Moto ulimsimamisha mtu aliyekuwa na shughuli zake, basi. Mwito wenyewe ni sauti, na sauti hiyo inataja jina lake mara mbili. Wasomaji Waislamu watakumbuka kwamba katika Surat Taha pia Musa anauendea moto kwa haja zake, huenda akawaletea jamaa zake kijinga au akapata mwongozo, ndipo anapoitwa. Na mlimani hapo hapo Horebu, katika 1 Wafalme 19, Eliya anapitiwa na moto, nasi tunaambiwa waziwazi kwamba Mungu hakuwamo.

Anayetaka kunipinga ana Yeremia. Katika mlango wa 20 neno la Mungu limekuwa moto uliofungiwa mifupani, na nabii amechoka. Naam, lakini kinachomchosha ni nini? Ni kuuzuia. Moto huo unamtaabisha anaponyamaza.

Haya si mambo ya madhabahuni pekee. Kila walimu wetu wanapogoma kudai mishahara, hakosi mtu wa kuwakumbusha kwamba ualimu ni wito. (Wito au mwito, mzizi ni ule ule -ita.) Husema hivyo kana kwamba aliyeitwa ameitwa aungue kimyakimya. Sijui wameutoa wapi mwito wa aina hiyo. Kwa Musa haumo. Kijiti hakikuungua. Tena ujumbe unaotoka katika moto ule unaanza na kilio cha wafanyakazi: Mungu amesikia jinsi watu wanavyolia kwa sababu ya wasimamizi wao. Anayeutumia mwito kunyamazisha kilio cha aina hiyo ameushika mlango huu kichwa chini, miguu juu.

Moto unaonivutia kuliko yote, nao hauhubiriwi sana, umo katika Injili ya Yohana. Katika mlango wa 18 Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu huku akimkana Yesu. Katika mlango wa 21, ufuoni, anakuta tena moto wa makaa, samaki wakiwa juu yake, na mkate. Neno la Kiyunani, anthrakia, linatokea mara hizo mbili tu katika Agano Jipya lote, nami sidhani mwandishi aliliweka hapo kwa bahati. Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, idadi sawa na ya kukana kwake, kisha anaambiwa afuate. Makaa yenyewe hayana muujiza wowote. Yanafanya kazi ya jikoni, na kabla Petro hajaulizwa swali hata moja, yeye na wenzake wanaalikwa kwanza wale.