Ushindi Usioshangiliwa: Vita katika Michoro ya Giovanni Fattori

Giovanni Fattori (1825–1908) huainishwa na wahakiki wengi kama mchoraji wa vita. Uainishaji huo haukukosea, ila unaliacha kando swali la kimsingi: anavichoraje vita hivyo? Makala haya yanashikilia kwamba Fattori alitakiwa kuusifu ushindi, naye akachora gharama yake.

Msanii huyu alizaliwa Livorno, akahamia Firenze mwaka wa 1846 na kusomea katika Akademia ya Sanaa. Baadaye alijiunga na wachoraji waliokutana Caffè Michelangiolo, mkahawa wa mji huo. Hawa walijenga picha kwa mabaka ya mwanga na kivuli badala ya umbo laini lililofunzwa na Akademia. Mnamo 1862 gazeti moja liliwadhihaki kwa jina la Macchiaioli, yaani watu wa mabaka, nao wakalikubali.

Mwaka wa 1859, Italia ilipokuwa ikipigania muungano wake, serikali ya Bettino Ricasoli huko Toscana ilitangaza shindano la michoro ya kizalendo. Fattori alishinda kwa mchoro wa kambi ya Waitalia baada ya mapigano ya Magenta, alioukamilisha mwaka wa 1862. Mtazamaji anayetarajia kuona majeshi yakikabiliana hayaoni. Mapigano yamekwisha; kinachotawala picha ni gari la farasi lililobeba majeruhi, pamoja na watawa wa kike wanaowauguza.

Ni kweli kwamba Fattori alichora pia mashambulizi, kwa mfano lile la Madonna della Scoperta. Hata hivyo, mwelekeo ulioanzia Magenta unafikia upeo katika Lo staffato (1880). Humo askari ameanguka, mguu wake umenasa kwenye kikuku, na farasi anamburura katika barabara tupu. Adui haonekani, wala bendera haipo. Kuna baka jekundu tu la damu juu ya ardhi iliyopauka.

Hapa ndipo fani na maudhui yanapooana. Mbinu iliyobuniwa ili kunasa mwanga inageuka kuwa ushahidi: baka lile haliwezi kufasiriwa kuwa utukufu. Kwa hivyo, kumwita Fattori mwimbaji wa sifa za taifa ni kuisoma historia yake bila kuitazama michoro yenyewe. Alilipenda taifa, lakini hakukubali kuwasahau walioanguka njiani.