Kamusi ya Maneno ya Njiani

Mwaka 1859 Bwana John Camden Hotten, muuza vitabu wa Piccadilly, London, alipiga chapa kamusi ya maneno ya njiani ya Kiingereza. Jina lake hakulitia. Alijiita tu mpenda mambo ya kale wa London. Kitabu kikatoka tena 1860 na 1864, hata 1874, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Wako watakaouliza, Mwalimu ana haja gani na maneno ya wezi na waombaji? Jibu la Hotten ndilo lililo bora katika kitabu chote. Alitenga aina mbili: lugha ya siri ya watu wa kutangatanga, ambayo ni ya zamani na imefichwa kusudi, na maneno ya mtindo, yazukayo leo na kusahauliwa kesho. Haya ya pili aliyaona kwa wanasheria, kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na kwa watu wa Bunge, wala hakuwasaza makasisi, ambao nao walikuwa na majina ya kuchekana, chama na chama cha Kanisa. (Hapo wasomaji wetu wengine watatabasamu.)

Lakini utamu wa kitabu u katika maneno ya wachuuzi. Hao waligeuza neno nyuma mbele, wageni wasifahamu: boy ikawa yob, penny ikawa yennep. Wengine walisema kwa vina: stairs, yaani ngazi, waliziita apples and pears, matofaa na mapea. Nani asiyekumbuka kinyume chetu, maji yakawa jima na kitabu kikawa bukita? Askofu Steere alikiandika kinyume hicho katika kitabu chake cha lugha cha 1870, wala hakukiona kuwa ni kitu cha kukatazwa, kama waalimu wengi walivyozoea kukikataza madarasani. Ila Waswahili hugeuza silabi, na wachuuzi waligeuza herufi. Jambo la ajabu kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Laiti Hotten angalilieleza zaidi!

Asili za maneno mara nyingi amezikisia. Maneno machafu aliyaacha, ingawa mtu yeye huyo alichapisha vitabu vingine tusivyoweza kuvitaja hapa. Farmer na Henley, waliotoa juzuu 7 kati ya 1890 na 1904, waliyatia hata hayo, pamoja na mifano ya waandishi na miaka yake. Atafutaye mwaka wa neno na aende kwao. Kwa maneno ya wachuuzi twamfungua Hotten.